Nusukaputi ya Sindano na Mwili wa Mbuzi

Watu wengi huipima dawa ya nusukaputi kwa wepesi wake wa kumlaza mnyama. Sindano ikiingia, mbuzi akayumba, akapiga magoti, akaegemeza kidevu chini na kutulia, hapo mwenye mali hushusha pumzi na kumsifu tabibu, na tabibu naye, akiwa bado mgeni katika kazi, huweza kudhani kwamba sehemu ngumu ya shughuli imekwisha. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kumwangusha mbuzi ni jambo jepesi mno, na dawa zinazoweza kulifanya ni nyingi. Lililo zito ni kumweka hai, akipumua sawasawa na asihisi maumivu, tangu anapolala mpaka anaposimama tena kwa miguu yake minne na kurudi kucheua. Kwa hiyo kila dawa nitakayoitaja hapa sitaisifu kwa kasi yake, bali nitauliza inamfanya nini mbuzi baada ya kumlaza, kwani ndani ya muda huo ndimo ilimo hatari yenyewe.

Mbuzi si mbwa mwenye pembe, wala si farasi mdogo. Katika ubavu wake wa kushoto limekaa tumbo kuu lenye kubeba lita kumi na zaidi za majani, maji na vijidudu vinavyoyachachua, na uchachu huo hutoa hewa usiku na mchana, hewa ambayo mnyama aliye macho huitoa kwa kupiga mbweu. Alalapo kwa dawa, misuli ya tumbo hilo husita, mbweu hukoma, na hewa hujikusanya; tumbo likisha kuvimba hukisukuma mbele kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, mapafu yakakosa nafasi ya kupanuka, na damu irudiyo moyoni ikapungua. Wakati huohuo mate hayakomi. Mbuzi hutoa mate lita kwa lita kila siku, na akiwa macho huyameza yote. Akilazwa, mate yale yale hutiririka, na yakikuta kichwa kimeinuliwa na koo limelegea, hayana pa kwenda ila mapafuni. Fauka ya hayo, maji ya tumbo yaliyochanganyika na majani huweza kupanda kwa njia ya umio bila ya mnyama kujikakamua hata kidogo, yakafika kooni kimya kimya, wala asijue mtu. Mbuzi aliyeyavuta maji hayo mapafuni aweza kuamka vizuri na kula jioni, kisha siku ya pili au ya tatu akaanza kupumua kwa shida na kuungua kwa homa. Ndipo watu waseme kwamba dawa ilikuwa kali, ilhali dawa yenyewe ilikwisha kutoka mwilini zamani.

Ndiyo sababu mbuzi mzima hunyimwa chakula kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kulazwa, na maji kwa muda mfupi zaidi. Kufunga huko hakulimalizi tumbo, maana tumbo la mnyama acheuaye halimaliziki kwa siku moja, lakini hupunguza uchachu na msukumo wa ndani. Mwanambuzi anyonyaye hahesabiwi katika sharti hili: huyo akifungishwa, sukari ya damu yake hushuka, na madhara ya njaa huwa makubwa kuliko faida ya tumbo tupu. Ama juu ya ulazaji, kitambaa kilichokunjwa huwekwa chini ya shingo, nyuma kidogo ya taya, ili koo liwe juu kuliko tumbo na mdomo pia, mate yadondoke nje na maji ya tumbo yasipate mteremko wa kupandia. Kulala chali ni mlalo mbaya kuliko yote, na tabibu asiuchague ila kazi ikimlazimisha. Penye vifaa, mpira wa kupumulia wenye puto dogo huingizwa katika njia ya pumzi na kuizibia kabisa. Walakini kinywa cha mbuzi ni kirefu, chembamba, tena hakifunguki sana, na asiye na taa yenye ulimi mrefu ataihangaikia kazi hiyo huku dakika zikimpita.

Dawa ambayo bwana mifugo hakosi kuwa nayo ni zailazini. Iliundwa Ujerumani katika kampuni ya Bayer mwaka 1962, ikikusudiwa kuwa tiba ya shinikizo la damu la wanadamu; ilipoonekana kwamba huwalegeza watu kupita kiasi, wanadamu wakaachana nayo na wanyama wakairithi. Sifa yake ya ajabu ni tafauti ya nguvu zake baina ya mnyama na mnyama. Farasi hupewa takriban miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili wake kwa njia ya mshipa, akasimama akiwa ameinamisha kichwa kwa usingizi. Wanyama wacheuao hutoshwa na sehemu ya kumi ya kiasi hicho au chini yake: mbuzi hupewa miligramu 0.05 kwa kilo mshipani, au karibu 0.1 msulini, naye hulala kabisa. Sababu haiko katika unene wa mwili wala ukubwa wa moyo, bali katika wepesi wa neva zake kuitika wito wa dawa hii. Kwa hiyo mtu anayemwona mbuzi kuwa ni farasi aliyepunguzwa, akapunguza dawa kwa kadiri ya uzito peke yake, atakuwa amempa mara kumi ya haki yake.

Hesabu hii yafaa kutazamwa kwa karibu. Tuseme mbuzi wetu wa kienyeji ana kilo 20, na dawa itachomwa msulini. Haki yake ni miligramu 2. Ziko chupa za aina mbili madukani: ya asilimia 2, yenye miligramu 20 katika kila mililita, na ya asilimia 10, yenye miligramu 100. Katika chupa ya kwanza haki ya mbuzi ni mililita 0.1, katika ya pili ni mililita 0.02, ambayo haifiki hata nusu ya tone. Sasa mtazame mtu aliyeshika chupa ya asilimia 10 na bomba la sindano la mililita 5, ambalo mstari wake mmoja mdogo ni mililita 0.2. Akivuta mpaka mstari wa kwanza tu, akaona kwamba amefanya ubahili na amejihadhari, tayari amevuta miligramu 20, yaani mara kumi ya kiasi kilichotakiwa. Hata dawa inayobaki katika shingo ya sindano, ile ambayo hakuna mtu aihesabuye, hupita haki ya mnyama yule. Ajali nyingi zinazosingiziwa ukali wa dawa huzaliwa katika mstari huo mmoja.

Aliye makini hutumia bomba la mililita 1 lililogawanywa katika sehemu mia, lile wanalotumia wagonjwa wa kisukari. Au huizimua dawa, akachukua mililita 0.5 ya asilimia 2, akaongeza mililita 9.5 za maji ya chumvi yaliyotakaswa, akapata mchanganyiko wenye miligramu 1 katika kila mililita. Hapo mbuzi wa kilo 20 atapewa mililita 2, kiasi ambacho jicho hukitambua na mkono huweza kukigawa. Uzito nao usikisiwe kwa kumtazama mnyama kutoka mlangoni. Mzani wa kuning'iniza hupatikana kwa bei isiyoshinda thamani ya mbuzi mmoja.

Zailazini ikisha kuingia, moyo hupunguza mapigo, wakati mwingine hadi nusu ya kawaida, na damu itokayo moyoni kwa dakika hupungua pamoja nayo. Katika mapafu ya wanyama wacheuao mna chembe za ulinzi zilizoganda katika kuta za mishipa midogo, na dawa za jamii hii huweza kuzichokoza, mishipa ikavuja na maji yakaingia katika nafasi za pumzi. Kondoo ndiye anayeumia zaidi kwa jambo hili, na mbuzi humfuata kwa unafuu kidogo. Fizi zikigeuka rangi na kuelekea ubuluu, oksijeni ndiyo tiba ya kwanza, kabla ya sindano nyingine yoyote.

Athari nyingine hazina kishindo, lakini huwa na maana kubwa kwa mbuzi fulani. Dawa hii huizuia kongosho isitoe insulini, sukari ya damu ikapanda, na mkojo ukaongezeka mno. Kwa mbuzi jike mzima hilo ni jambo la kupita. Kwa beberu aliyezibwa na mawe ya mkojo, ugonjwa ujulikanao sana kwa madume waliohasiwa mapema na kulishwa nafaka nyingi, ni balaa: kibofu kimekwisha kujaa, njia imefungwa, na tabibu anamchoma mgonjwa wake dawa ya kuongeza mkojo ili apate kumpasua. Kadhalika mbuzi mwenye mimba iliyokaribia siku zake asipewe ovyo, maana mji wa mimba huweza kukazana na damu impatayo mtoto ikapungua.

Wala utulivu wa zailazini si kutohisi. Hupunguza maumivu kwa muda, lakini kisu kikigusa ngozi, mbuzi aliyekuwa kama mfu huweza kurusha teke kwa ghafla. Wako wanaofanya upasuaji mzima kwa dawa hii peke yake, wakiwa na watu wawili wa kumkandamiza mnyama, wakaita hiyo nusukaputi. Mimi siiiti hivyo, nami naona ni dhuluma kwa mnyama asiyeweza kulalamika ila kwa mguu wake.

Ketamini hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Iliundwa Marekani mwaka 1962 na Calvin Stevens, akiifanyia kazi kampuni ya Parke-Davis. Mwaka 1964 ikajaribiwa kwa watu, na mwaka 1970 ikaruhusiwa rasmi kutumika nchini humo. Badala ya kuzima ubongo wote kama taa, huikata njia baina ya sehemu zake, hata mnyama akawa na macho wazi, masikio yakitikisika na ulimi ukicheza, ilhali habari ya maumivu haimfikii. Moyo hauzami, bali huongeza mwendo, na shinikizo la damu husimama imara. Kwa tabibu asiye na mashine wala msaidizi, sifa hizo ni amana kubwa. Lakini ikitolewa peke yake mbuzi hukakamaa, miguu ikanyooka kama miti, mate yakazidi, na kuamka kwake kukawa kwa fujo. Ndipo ikaozwa na dawa ya kulegeza misuli: ama zailazini, ama diazepamu. Kwa mbuzi dhaifu mimi huichagua diazepamu, miligramu 0.25 kwa kilo, pamoja na ketamini miligramu 5 kwa kilo, zote mshipani. Mbuzi wetu wa kilo 20 hupata ketamini miligramu 100, yaani mililita 2 za chupa ya kawaida ya hospitali yenye miligramu 50 katika mililita, naye hulala robo saa au zaidi kidogo. Zailazini pamoja na ketamini msulini huongeza muda ukafika nusu saa na kupita, lakini mashaka yote ya zailazini huja pamoja nayo.

Jambo moja huwakosesha wengi. Mbuzi aliye chini ya ketamini hupepesa kope ukimgusa jicho, na pengine humeza. Asiyejua humdhani yu macho, akamwongezea dawa isiyohitajiwa. Macho si kiongozi katika dawa hii. Kiongozi ni pumzi, mapigo ya moyo, na namna mnyama anavyoitika anapobanwa ukwato. Tena kumeza huko kusimdanganye mtu akaona koo limelindwa, maana kinga hiyo ni pungufu, na kitambaa cha chini ya shingo bado ni wajibu.

Mwaka 2015, katika Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya huko Vienna, China ilipendekeza ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu ya wanaoitumia kwa ulevi. Shirika la Afya Duniani lilishauri isifanyiwe hivyo, na uamuzi ukaahirishwa. Wajumbe walikuwa wakijadili zaidi vyumba vya upasuaji vya wanadamu katika nchi zisizo na mashine za nusukaputi. Walakini zizi la mbuzi lilikuwa na haki ileile ya kusikilizwa, kwani dawa ikiadimika hospitali, kwa tabibu wa mifugo hutoweka kabisa.

Thiopentali, iliyoanza kutumika kwa watu Marekani mwaka 1934, ni ya kizazi cha zamani, na wapo wanaoipenda kwa urahisi wa bei yake. Humlaza mnyama katika nusu dakika. Lakini humwamsha si kwa kuvunjwa na ini upesi, bali kwa kuhama kutoka ubongoni kwenda katika misuli na mafuta. Mbuzi aliyekonda, asiye na mafuta wala misuli ya kuihifadhi, hubaki nayo ubongoni kwa muda mrefu. Tena ni dawa inayobebwa na protini ya damu, na mbuzi aliyenyonywa na minyoo amepungukiwa na protini, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa huzunguka ikiwa huru na yenye nguvu. Ikivuja nje ya mshipa huchoma nyama kwa ukali wake wa magadi, na ngozi ya shingo ikafa na kubanduka. Propofoli, iliyoingia sokoni mwaka 1986, ni pole zaidi: nyeupe kama maziwa, hutoka mwilini upesi, na mbuzi husimama kabla ya nusu saa kupita akiwa na akili yake timamu. Huchomwa polepole, kiasi cha miligramu 4 kwa kilo, maana ikisukumwa kwa haraka mnyama huacha kupumua. Kizuizi chake ni mfuko: chupa ikisha kufunguliwa hailazwi mpaka kesho, kwa kuwa mafuta yaliyomo ni chakula kizuri cha vijidudu.

Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwa mbuzi aliyeshiba, aliyechanjwa na kuogeshwa, naye si mbuzi anayeletwa kwetu akivutwa kwa kamba. Huyu wetu aghalabu ana minyoo ya tumbo inayonyonya damu, na ukifunua kope la chini utaona weupe mahali palipopasa kuwa wekundu. Dawa za kutuliza huipunguza zaidi nguvu ya damu hiyo kubeba oksijeni, kwa kuwa wengu hulegea na kuzihifadhi chembe nyekundu ndani yake. Huenda pia ana makovu ya homa ya mapafu ya mbuzi, maradhi ambayo kimelea chake kilitambulikana kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1976, na ambayo humwachia aliyepona mapafu yasiyo na akiba. Mbuzi huyo akiwa macho malishoni haonekani mgonjwa. Akilazwa ubavu kwa nusu saa, ndipo upungufu wake hujitokeza. Kufunua kope na kusikiliza kifua hakuchukui dakika mbili, na mara nyingi ndiko kunakoamua kama apasuliwe leo au atibiwe minyoo kwanza.

Kwa sababu hizo zote nashikilia rai kwamba kazi nyingi za zizini hazihitaji nusukaputi kamili. Dawa ya kutuliza kwa kiasi kidogo, pamoja na ganzi iliyowekwa mahali pake, humwacha mbuzi akimeza na kulinda koo lake mwenyewe. Ganzi ya uti wa mgongo, ikichomwa penye kishimo kati ya kiuno na nyonga, hutosha kwa kumtoa mtoto aliyekwama tumboni, na mama akaamkia kumlamba. Lakini ganzi nayo ina hesabu yake. Lidokaini, iliyoundwa Sweden mwaka 1943, haipasi kuzidi miligramu 5 kwa kilo katika mwanambuzi. Mwanambuzi wa kilo 3 anayechomwa pembe zisiote ana haki ya miligramu 15, ambazo ni mililita 0.75 tu za dawa ya asilimia 2. Nayo igawanywe mahali pane, kwani tafauti na ndama, pembe ya mbuzi hupata neva mbili, moja nyuma ya jicho na nyingine juu ya kona yake ya ndani. Aliyezoea ndama humimina mililita 2 kila upande bila ya kufikiri, akamwona mwanambuzi ametetemeka, akashikwa na degedege na kufa, kisha akaulaumu moto wa chuma. Dawa hiyo izimuliwe hadi asilimia 0.5, ipatikane mililita 3 za kugawa, na kila neva ipate fungu lake.

Kuhusu kumwamsha, ziko dawa zinazoitangua zailazini, kama atipamezoli na yohimbini, nazo ni neema pale moyo unapozama. Zisiharakishwe mahali ambapo ketamini ilitolewa muda mfupi uliopita, maana zailazini ikiondolewa ketamini hubaki peke yake, na mbuzi akaamka akiwa mkakamavu mwenye kujipiga chini. Tena pamoja na usingizi huondoka na ile nafuu ya maumivu. Nyama na maziwa ya mnyama aliyechomwa dawa hizi havifai kuliwa mpaka siku za ngojo zipite, na desturi ya kumwahi kwa kisu mbuzi anayezidiwa mezani, ili mali isipotee, huzihamishia dawa hizo katika chungu cha familia.

Wenye maduka ya dawa za mifugo wana sehemu yao katika jambo hili, na ombi langu kwao ni dogo. Zailazini ya asilimia 10 iwekewe wenye farasi na punda. Anayekuja kwa ajili ya mbuzi auziwe ya asilimia 2 pamoja na bomba la mililita 1, na akilitaka la mililita 5, aulizwe kwanza mnyama wake ana kilo ngapi.